Mbegu Iliyozoea Mayai

Kiwandani baba alijulikana kwa jina la Mzee Mbegu, na wasiomjua walidhani anauza mahindi. Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa moja tu: kuchukua kirusi cha homa ya mafua kilichotoka kwenye koo la mgonjwa na kukizoesha kuishi ndani ya yai. Kirusi cha binadamu hakipendi yai la kuku. Ukikidunga humo mara ya kwanza kinadoda, unavuna maji yasiyo na kitu. Unayachukua hayo maji unayadunga kwenye yai la pili, kisha la tatu, la nne, na kila safari unachagua lile lililotoa kirusi kingi kuliko mengine. Ukifika la tano au la sita, kama una mkono mzuri, kirusi kimetulia na kinazaana bila kuombwa. Hapo kinaitwa mbegu, na kwa mbegu hiyo kiwanda kinadunga mayai laki kwa laki na kutengeneza chanjo.

Baba alikuwa na mkono mzuri. Mbegu za wenzake zilitoa dozi moja kwa yai, yake ilitoa mbili. Wakubwa walimpenda kwa hilo, naye hakujifanya hajui kwamba anapendwa. Alikuwa na maringo yake baba, lakini maringo ya mtu anayefika kazini kabla ya mlinzi, kwa hiyo watu walimsamehe.

Mimi kazi yangu ni kusoma sahani, na sahani zetu hazina chakula. Ni vipande vya plastiki vyenye vishimo tisini na sita; kipimo cha watu wengi kinajaza vipande kadhaa, nasi vyote pamoja tunaviita sahani moja. Tunatia humo majimaji ya damu ya mtu aliyechanjwa, tukiyazimua zaidi na zaidi kutoka kishimo hadi kishimo, tunaongeza kirusi, kisha chembe nyekundu za damu ya mnyama. Kinga ya mtu huyo ikikitambua kirusi inakishika, na zile chembe zinazama taratibu hadi chini na kufanya kitone chekundu. Isipokitambua, kirusi kinazikamata chembe na kuzitandaza kishimo kizima, wekundu wa hovyo usio na umbo. Kitone cha mwisho kwenye safu yako ndicho namba yako: mara ngapi damu yako imezimuliwa na bado ikashika. Arobaini kwenda juu tunasema umekingwa. Chini ya hapo tunasema Mungu akusaidie.

Tuna desturi ya siku nyingi tunayoiita benchi. Toleo la kwanza la msimu likitoka, kila mfanyakazi anakuja na ndugu yake mmoja, tunakaa kwenye benchi refu la korido na kuchanjwa sisi kwanza, kabla ya watu wengine. Wiki tatu baadaye tunatolewa damu, na namba zinabandikwa ukutani karibu na birika la chai. Mwaka huu tulikuwa watu arobaini. Mimi nilimleta baba. Alikuwa amestaafu mwaka jana, ana miaka sabini na mmoja na pumu aliyoizoea kiasi cha kuiita mpangaji. Ndani ya chupa za chanjo mlikuwa na aina kadhaa za kirusi, na ile kali, inayowamaliza wazee, ilitoka kwenye mbegu yake ya mwisho. Kwa hiyo siku ya kuchanjwa alikunja shati kama anakwenda kupokea nishani.

Jumanne nilisoma sahani, na sikungoja namba zibandikwe. Nilimpigia simu.

"Mia sita na arobaini, baba. Hakuna aliyekufikia."

"Rudia."

"Mia sita na arobaini."

"Hukunitilia chumvi?"

"Njoo usome mwenyewe."

"Mke wangu!" nikamsikia akiita kwa sauti, simu ikiwa bado sikioni. "Njoo usikie binti yako anasema nini!"

Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa unajua. Kinyozi alimsalimia kwa hiyo namba. Mama alisema amechoka, kwamba sasa anaishi na mia sita na arobaini, mume amekwenda asikokujua. Tulicheka sana siku ile, na nakumbuka nilijisikia fahari kama vile damu ile nimeitengeneza mimi.

Jumatano furaha iliisha. Maabara yetu ilikuwa imepata mtaalamu mpya, dada mpole anayevaa glavu mbili mbili hadi tukampa jina la Glavu. Alikotoka walizoea kukuza virusi ndani ya chembe hai zinazotunzwa kwenye chupa, bila mayai kabisa. Alikuwa amechukua makamasi ya mgonjwa aliyelazwa mwezi huu huu, akakikuza kirusi chake kwa njia yake. Kwenye makaratasi kirusi kile na mbegu ya baba ni kitu kimoja.

"Hebu tuwapime watu wa benchi kwa hiki," aliniambia.

Sheria inatutaka tupime kwa kirusi kile kile kilichotengenezea chanjo, na siku zote tumefuata sheria. Tangu nianze kazi hakuna aliyeuliza mbona tunampa mwanafunzi mtihani wenye maswali yale yale tuliyomfundisha usiku wa kuamkia. Nilikubali kwa sababu sikuona ubaya, na kwa sababu, nisiseme uongo, nilitaka kumwonyesha mgeni ubora wa kazi ya baba yangu.

Niliposoma sahani ya pili nilidhani nimesahau kutia damu za watu. Wekundu ulikuwa umetandaa kila mahali. Safu ya baba haikuwa na kitone hata kimoja. Chini ya kumi. Kati ya watu arobaini, thelathini na mmoja walikuwa chini ya arobaini. Mimi mwenyewe nilipata ishirini.

Glavu alinivutia kiti. "Kirusi cha koo kina punje ya sukari kichwani, hapa," akasema, akagusa paji la uso wake. "Ndani ya yai ile sukari inakizuia kushika vizuri. Anayeshinda mle ni yule aliyeipoteza. Ukichagua yai linalotoa kirusi kingi, umechagua kilichobadilika. Miili ya hawa watu imejifunza kichwa kisicho na sukari, na imejifunza vizuri mno. Kikija chenye sukari hawakijui."

"Anayechagua ni baba."

"Angechagua mtu yeyote. Ndivyo kazi ya mayai ilivyo."

Aliniambia pia kwamba chanjo si maji, kwamba zile aina nyingine ziko sawa, kwamba hata hii huenda ikampunguzia mtu makali ya ugonjwa. Nililidaka neno hilo nikalikumbatia. Alhamisi asubuhi tulirudia kipimo chote tangu mwanzo, jibu likawa lile lile, na Glavu akataka tuwaambie watu siku ile ile.

"Tungoje Jumapili," nikasema.

"Kwa nini Jumapili?"

Kwa sababu Jumamosi kiwanda kilikuwa kinamwita baba kumpa heshima. Mlango wa chumba cha mbegu ulikuwa unawekewa kibao chenye jina lake. Koti lake lilikuwa kwa fundi linabanwa mabega, maana mwili ulikuwa umepungua. Sikumwambia Glavu yote hayo. Nilimwambia tuanze kwa meneja, nikijua fika meneja atasema nini.

Naye akasema. Alizitazama sahani zote mbili kwa heshima, akauliza sheria inataka ipi, tukamjibu ya kwanza. "Basi tumefaulu," akasema. "Hii nyingine tutaizungumza msimu ujao, ingawa mayai ya msimu ujao yameshaagizwa, kuku wenyewe wameshaanza kulelewa. Kwa sasa msiwatie watu hofu." Glavu alitoka pale macho yamemwiva kwa hasira. Mimi nilishusha pumzi. Woga wangu ulikuwa umepata mkubwa wa kuubebea dhamana.

Jioni ile nilipitia kwa wazazi. Nilimkuta baba sebuleni anapanga mkoba: taulo, dawa ya kuchua, redio ndogo.

"Safari ya wapi?"

"Kwa Jicho. Yuko hoi."

Jicho alikuwa mwenzake wa miaka yote. Yeye ndiye aliyekaa kwenye chumba cha giza akiyamulika mayai kwa taa, moja moja, kutafuta yaliyokufa, na aliweza kumulika huku anasimulia kisa na asikosee. Mke wake alishafariki, watoto wako mbali.

"Ana nini?"

"Mafua makali. Majirani wanamwekea chai mlangoni halafu wanakimbia. Watu wazima wazima!"

"Baba, usiende."

"Akamtazame nani?"

"Nitakwenda mimi."

"Wewe ulipata ngapi ukutani? Mia na sitini?" Akacheka, akafunga zipu ya mkoba. "Mimi nina mia sita na arobaini, mwanangu. Anayepaswa kubaki nyumbani ni wewe."

"Mwache shujaa aende," mama akasema kutoka jikoni. "Akibaki hapa ataniambia tena hiyo namba."

Karatasi ya sahani ya pili ilikuwa ndani ya mkoba wangu, umbali wa mkono. Sentensi moja tu ilitosha. Nilimwona amesimama pale, mwepesi, anapendeza, mzee ambaye tangu astaafu hakuwa na safari ya maana, na nikaiona Jumamosi, na kibao, na uso wake akiwa anajua. Nikakosa nguvu. Naandika hivi nikijua hakuna neno zuri la kuweka mahali pa hilo: niliogopa kumuumiza baba yangu, nikamwacha aende kufa.

"Basi vaa barakoa," nikasema.

"Barakoa!" Aliitamka kama nimemwambia avae gauni. Akatoka.

Alikaa kwa Jicho Alhamisi na Ijumaa yote. Alimchua mgongo, akamshika alipokuwa anatapika, akalala kwenye kiti pembeni ya kitanda. Aliniambia kwenye simu kwamba Jicho anaropoka kwa homa na kuyahesabu mayai. Nilimuuliza kama amefungua madirisha. Alisema Jicho anasikia baridi.

Jumamosi alikuja moja kwa moja kwenye sherehe, koti limemkaa vizuri. Tulikuwa kama sitini kwenye korido, keki juu ya meza, meneja akimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa hadi aibu ikaniingia mimi. Baba alipopewa nafasi alisema maneno machache. "Kazi yaliifanya mayai," alisema. "Mimi nilikuwa nayasindikiza tu." Watu wakacheka. Alitaka kuendelea, kikohozi kikamkatiza, akaomba maji. Glavu alinitazama juu ya vichwa vya watu na hakuangalia pembeni, na mimi ndiye niliyeinamisha macho.

Jumapili homa ikampanda. Nilikuwa nimeahidi kusema Jumapili, lakini Jumapili nilikuwa nakimbia na maji na vidonge na nikajipa moyo kwamba sasa si wakati wake. Jumatatu midomo ilikuwa imegeuka rangi, tukampeleka hospitali, wakamtia mrija wa oksijeni puani. Daktari alisema mapafu yote mawili. Siku hiyo hiyo Jicho alipiga simu kuuliza hali, sauti yake imesharudi.

Jumanne asubuhi mama alikwenda kuoga kwenye bafu la wodi. Nilivuta kiti karibu.

"Baba, kuna sahani ya pili."

Aligeuza kichwa. Nilimwonyesha picha kwenye simu. Aliomba miwani, nikamvalisha juu ya ile mipira ya puani, akaisoma safu kwa safu. Hakuuliza kama nimekosea. Hilo lingenipa pa kushika.

"Kirusi cha koo hiki?"

"Ndiyo. Kilichokuzwa bila yai."

"Ya lini?"

"Jumatano."

Alihesabu. Nilimwona anahesabu. "Alhamisi nilikuwa nafunga mkoba. Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Kwa nini?"

"Nilitaka upate kibao chako."

"Kibao," akasema. Alivuta pumzi mara kadhaa kabla ya kuendelea, kila moja ina kazi yake. "Mbegu yangu ilibadilika yai la ngapi?"

"Glavu amepima mabaki ya kila yai tuliyohifadhi kwenye barafu. Anasema la tatu."

"La tatu." Akafumba macho. "Lile yai lilinifurahisha sana. Nilimwita Jicho aje alione."

Nilimshika mkono. Hakuuondoa, lakini haukunishika.

"Wangapi chini ya arobaini?"

"Thelathini na mmoja."

"Wameambiwa?"

"Meneja alisema tusiwatie..."

"Sijamuuliza meneja. Wameambiwa?"

"Bado."

"Wako mitaani na namba ya mbegu yangu kichwani," alisema. "Wanakaa na wagonjwa wao. Toka nje ukawapigie."

"Nitawapigia mchana, baba. Acha kwanza nikae na wewe."

"Sitaki ukae na mimi."

"Baba, nakuomba unisamehe."

"Piga simu," akasema, akageuzia uso ukutani.

Nilingoja kidogo, kwa sababu mtu anangoja. Mama alirudi na taulo shingoni, akatutazama, akauliza kuna nini. Nikatoka.

Orodha ya benchi ninayo kwenye simu, majina na namba zote. Nilisimama kwenye korido, karibu na dirisha, nikaanza na wa kwanza kati ya wale waliokuwa chini ya arobaini; ukitoa baba na mimi, walikuwa ishirini na tisa. Kwa kila mmoja nilisema yale yale: mimi ni msomaji wa sahani wa kiwandani, namba uliyoiona ukutani ni ya kweli lakini ni ya kirusi cha mayai, kwa hiki kinachozunguka mjini kinga yako ni ndogo, kaa mbali na wagonjwa, vaa barakoa, ukisikia homa njoo hospitali siku ile ile kwa sababu dawa ipo na inafaa ukiiwahi. Mfagiaji wa chumba cha mayai alinishukuru hadi nikaona haya. Fundi wa mitambo alinitukana, akakata, kisha akapiga mwenyewe kuuliza kuhusu mkewe. Mhasibu alitaka kujua kama meneja anajua nampigia. Nikamwambia akimwona amwambie.

Wa kumi na tano simu ilipokelewa na binti. Mama yake, mpakiaji wa chupa, alikuwa kitandani na homa tangu juzi.

"Si alichanjwa?" binti akaniuliza. "Tulidhani mafua ya kawaida. Alisema yeye amepita mia mbili."

Nikamwambia amlete sasa hivi, asingoje gari la mtu. Nikaweka alama pembeni ya jina. Juzi ilikuwa Jumapili. Ile Jumapili yangu.

Niliendelea. Sauti ilianza kukauka, nikawa nasema maneno bila kuyasikia, kama mtu anayesoma tangazo. Wa ishirini na mbili alikuwa dereva wa lori la mayai, mtu mzuri ambaye hajawahi kuelewa kitu mara ya kwanza.

"Subiri kwanza, dada," alikuwa anasema. "Ukutani niliandikiwa tatu ishirini. Mwanangu yuko kwa bibi yake, bibi anakohoa, nilikuwa nakwenda leo kushinda nao. Sasa tumekingwa au hatujakingwa?"

Mlango wa wodi ukafunguka, mama akatoka. Hakuwa analia. Alikuja mpaka nilipo, akasimama mbele yangu, mikono imening'inia kama ameisahau.

"Mwanangu," akasema. "Baba yako."

Nilijua. Nilimwinulia kiganja angoje, mama yangu mzazi, na nikaendelea kushika simu.

"Halo? Dada?"

"Hamjakingwa vya kutosha," nikamwambia dereva. "Usiende bila barakoa. Mtoe mtoto pale. Bibi apelekwe hospitali leo, asilale nyumbani."

"Leo hii hii?"

"Leo."

"Hebu rudia tena, polepole."

Nikarudia polepole. Alipokata nilitazama orodha. Zilikuwa zimebaki namba saba. Mama alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, akanishika pindo la sketi, na mimi nikabonyeza inayofuata.